Tumbo la Agnesi

Kazi moya, siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa sita 1974
Nimerudi Nchelenge na samaki ya kukauka toka kisiwa cha Chisenga. Baridi mingi kwenye ziwa. Nimeuza nusu tu. Muke wangu Agnesi hakutoka kunipokea. Tumbo limekuwa kubwa, lakini mikono imekonda na mashavu yameingia. Mama yake anasema mimba ya kwanza iko vile. Miaka mingi tumengoja mutoto huyu. Nina furaha. Nina woga pia.

Kazi tano, 7 mwezi wa sita
Homa haimuachi. Nimemupeleka hospitali. Mukunga aliweka sikio kwenye tumbo, akakaa sana. Akaita mwenzake. Kisha akaniita inje.
"Tata, humu hamuna mutoto. Ni maji."
Ni kama mutu alinipiga kofi.

Kazi moya, 10 mwezi wa sita
Walimupiga picha ya kifua. Safi. Munganga, muzungu mutu wa pole, alibonyeza tumbo. Anafikiri ni uvimbe mubaya, ule wa kuua. Picha yao haionyeshi mambo ya tumbo. Lazima wapasue ndiyo waone. Nimekubali.
Agnesi ameuliza neno moja tu: "Mutoto alienda wapi?"
Nimetoka inje kulia.

Kazi tatu, 12 mwezi wa sita
Wamemupasua asubuhi. Nilikuwa inje, nawaza mbao za sanduku la maiti. Munganga akatoka.
"Si uvimbe. Ni tibi."
Nikafikiri anasema juu ya mugonjwa mwingine. Tibi ni ya kifua. Agnesi hakohoi hata kidogo. Munganga anasema inaingia hata tumboni. Humo ndani mwote aliona punje nyeupe, ndogo ndogo, kama mutama umemwagwa. Sindano na vidonge, miezi mingi. Atapona.
Nikakaa chini kwenye sakafu ya sima, mbele ya watu. Nilikuwa tayari kumuzika. Sikuwa tayari kwa hii.

Siku ya Mungu, 30 mwezi wa sita
Agnesi amekula bukari yote, sahani nzima ya ugali. Homa hakuna. Watu wa kanisa walikuja kumuona, wakafurahi sana tumbo limeshuka. Mama yake alisali. Agnesi aliwashukuru wote vizuri.
Walipoenda, akaniuliza, "Tungemuita nani?"
"Kalumba. Jina la baba yangu."
Akalitaja mara moja, polepole. Akageukia ukuta. Nikamufunika mabega.