Upepo wa Mama Mkwe Haupandi

Jumatatu, 3 Machi

Mama Mkwe kanuna leo. Lori letu hilo — la jeshi, la zamani, magurudumu sita. Tumelipa jina hilo maana ukilikosea halisemi, linakununia tu. Binti yangu ndiye dereva. Asubuhi kawasha, kasubiri, mshale wa geji ya upepo ukapanda mpaka nne ukagoma. Unatakiwa ufike saba. Chini ya tano, breki si za kuamini.

Nikaja kifua mbele. Zima injini, nyamazeni wote. Maana mimi, bila kujisifu — haya, kwa kujisifu — ndiye fundi niliyekuwa nasikia tundu la sindano kwenye bomba la upepo nikiwa upande wa pili wa uwanja wa kambi. Nikaingia uvunguni, nikatega sikio. Kimya. Nikatoka nikasema bomba zote nzima, geji ndiyo mwongo. Vijana wa gereji wakakubali. Nikisema mimi nani abishe.

Mchomeleaji wetu, Cheche, alisema kitu huku anaangalia gurudumu la nyuma, kushoto. Sikukipata. Nikamjibu kwa kisa cha kamanda aliyeogopa bata. Wakacheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga geji nyingine, nzima, tumeitoa kwenye lori bovu la nyuma ya uzio. Nne. Nne ileile.

Mkanda wa kompresa uko sawa. Chujio safi. Kwa hiyo upepo unaingia, halafu unatoka mahali. Unatoka na mimi siusikii.

Nimewaambia hii geji nayo mbovu. Binti kacheka, eti, "Baba, wiki hii geji zote zinakuonea."

Kuandika nilijifunza kwa kujaza kitabu cha safari cha jeshi, ndiyo maana herufi zangu zinatembea kama walevi. Lakini daftari halina mdomo. Humu nitasema: naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Mchana wenzangu walikwenda kula, nikabaki na Mama Mkwe. Nikapiga magoti chini ya mtungi wa upepo, nikafungua koki kidogo, nafasi ya unywele. Upepo ukanipiga vidoleni. Vumbi likaruka, majani makavu yakakimbia. Sauti hakuna. Kama mtu anakutukana nyuma ya kioo. Nikafungua zaidi, zaidi — ndipo nikasikia kitu cha mbali, kama mtu anashusha pumzi chumba cha pili.

Nyumbani mke wangu kasema birika limepiga kelele mpaka likachoka, na mimi nimekaa hatua mbili. Nikamwambia nilikuwa naliachia nafasi ya kujieleza. Hakucheka. Kaenda kuliepua.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala vizuri. Limenijia suala la buza.

Buza ni kile kidude cha kwenye dashibodi kinacholia upepo ukipungua. Mwezi uliopita nilikuwa peke yangu, nimewasha gari, mtungi mtupu. Hakikulia. Nikasema kimekufa, nikakata waya, nikakitia kwenye kopo la nati. Nikajisifu kwa binti kwamba nimempunguzia takataka.

Leo nimekitoa koponi, nikamwambia Cheche akiguse kwenye betri. Kakigusa — akaziba masikio. Mziba matairi kule getini akageuka. Mimi nilisikia mbu mmoja, tena wa jirani.

"Mzee, mbona hiki kizima?" Kasema karibu na uso wangu, kwa sauti. Nikamjibu nilijua, nilikuwa nampima yeye. Nikakitia mfukoni. Nikikirudisha, itabidi dashibodi ifunguliwe. Binti ataona waya uliokatwa. Atauliza.

Ijumaa, 7 Machi

Povu. Mimi niliyewaita mafundi wa povu wafua nguo, miaka yote! Nimefika kabla ya watu na kopo la maji ya sabuni na brashi ya rangi. Nikapaka viungio, kimoja kimoja. Kwenye bomba la gurudumu la nyuma kushoto, palepale Cheche alipokuwa anaangalia Jumatatu, povu likachemka. Nimebadilisha mpira. Mshale ukafika tano na nusu. Nikataka kumbusu Mama Mkwe.

Nikazima injini. Tano. Nne na nusu. Nne. Kuna tundu lingine. Sabuni imeisha, na watu wameanza kuingia.

Binti alipofika kawasha, akaona ile tano na nusu tu, injini ikiwa inanguruma. Anasema kesho anapanda machimboni kufuata kokoto. Nikamwambia asubiri. Kasema, "Baba, si wewe ulishuka mteremko uleule na upepo sifuri, unaimba?"

Kisa hicho nimemlaza nacho tangu ana miaka mitatu. Sikuimba. Nililiparamia lundo la mchanga nikilia, na utingo wangu akatembelea mkongojo maisha yake yote. Kwenye kisa hiyo sehemu haimo. Mtoto wa watu haogopi mteremko kwa sababu yangu mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia machimboni, juu ya mteremko. Nimeng'ang'ania nikaja naye. Tani saba zimepakiwa. Injini imezimwa, gari limezuiwa na jiwe chini ya tairi la mbele, maana breki ya mkono ya Mama Mkwe tangu jeshini ni pambo. Mara ya mwisho kutazama, mshale ulikuwa nne. Barabara inashuka, inapinda mara mbili, halafu soko. Jumamosi linajaa.

Njiani nilitaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo kinatoka kisa. Ndio ujanja wangu huo, mwaka wa nne sasa — anayeongea yeye hahitaji kusikia. Sijawahi kumwambia mtu arudie alichosema. Hata mke wangu.

Binti kaniambia nikae tayari kutoa jiwe akishawasha, akaenda kibandani kusaini karatasi ya msimamizi.

Silitoi. Nimelikalia. Mgongo wangu uko kwenye tairi, nasikia joto lake, na kila baada ya muda nahisi kama linanisukuma kidogo. Labda ni moyo wangu. Daftari gotini. Buza mkononi, limelowa jasho.

Ametoka kibandani. Anakuja. Anaongea, midomo naiona. Ananionyesha kwa kidole pale nilipokaa, anacheka — anadhani ni utani wa baba.

Kisa kimeshafika ulimini, cha yule kamanda na bata. Nakimeza.

Akifika nitamwambia arudie.