Gari Jipya la Barthélemy

Goma, Katoyi
Tarehe 22 Septemba 2012

Mpendwa Yaya Darius, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wifi Daniella. Mgongo wako unaendeleaje? Na joto la Lubumbashi, mnalivumiliaje? Sisi huku tuko wazima, ila nina hasira ambayo lazima nikuandikie.

Unakumbuka nilivyomsifu mudogo wetu Barthélemy. Mwezi wa saba, vita ilipofika Kalengera kwa mama mudogo Micheline, alikwenda mwenyewe na gari lake la zamani hadi Kibumba alikokimbilia, akamleta pamoja na jirani zake. Akawapa pa kulala kwenye hangari, lile banda kubwa anamouzia magari, kule Himbi. Nikasema, kweli mama mudogo hakutulea bure.

Sasa sikia. Wiki iliyopita alipokea gari jipya la kuuza, lile refu la wakubwa, la aina mpya inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Akataka kulizindua mle hangarini, mbele ya mabosi wa maofisi. Asubuhi ya siku ile akawaamuru jirani watoke.

Mama mudogo akamuuliza, "Hawa batu baende wapi na mvua hii?"

"Wewe ingia nyumbani, mama. Wao waende kambini Kanyaruchinya."

Mama akakunja mukeka wake. "Nilikimbia nao, nitaenda nao." Na Barthélemy akamwacha aende, Yaya! Akamwacha!

Mimi sikujua. Nilifika jioni na kitenge changu cha sikukuu, namtafuta mama kati ya wageni. Gari jeusi linang'aa, viti vya ngozi nyeupe, maua yamepangwa palepale walipokuwa wakipikia. Barthélemy ameshika mikro, anasema aina ile ya zamani sasa ni ya kubebea mizigo tu, watu wanacheka. Mulinzi wake ndiye aliyeninong'oneza yaliyotokea.

Nikapita mbele ya wote. "Barthélemy, mama mudogo analala wapi leo?"

Akauma meno. "Usinipatishe haya mbele ya wageni."

"Haya umejipatisha mwenyewe tangu asubuhi!" Nikatoka.

Kesho yake mimi na mume wangu Lévi tulimkuta mama mudogo Kanyaruchinya, juu ya mawe ya volkano, chini ya shitingi ya plastiki iliyotoboka, anakohoa. Alikataa kuondoka bila jirani zake. Basi wote wako kwetu. Salon yetu ya kupokelea wageni imejaa mikeka, watoto wanalala jikoni. Kifua chake kimeanza kupata nafuu, Mungu asifiwe.

Juzi Barthélemy alimtuma shofere na gari lile jipya kuja kumchukua. Watu wa avenue yetu nzima walitoka barabarani kutazama. Mama mudogo akauliza, "Barthélemy mwenyewe iko wapi?" Shofere akajibu yuko kazini. Mama akaendelea kuchambua maharagi, hata hakuinuka.

Wewe ndiye mukubwa wetu, Yaya. Mpigie simu. Asitume gari, aje yeye mwenyewe, kwa miguu ikibidi, aombe musamaha kwa mama na kwa wale aliowafukuza kwenye mvua. Mimi akinijibu vibaya tena, sijui nitafanya nini.

Nisalimie wifi Daniella, mutoto Chance na mukwe wako muzee Donat. Kwa Barthélemy sikutaka kutuma salamu yoyote. Lakini mama mudogo amesimama nyuma yangu na ananilazimisha niandike: ukimpigia, umwambie mama yake anamusalimia, na anauliza kama anakula vizuri.

Mungu awalinde huko mliko, na atupe sisi huku amani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Élisabeth