Upande wa Pili wa Karatasi

Alhamisi, usiku

Bado siamini. Mimi!

Leo mwalimu wa sanaa alileta kishikwambi chenye kalamu isiyo na wino. Ukigandamiza, mstari unanenepa. Ukigusa tu, unakuwa mwembamba kama unywele. Alitafuta mwanafunzi mmoja wa kuchora picha za kitabu cha watoto wa darasa la kwanza. Niliitaka sana nafasi hiyo.

Zamu yangu ilipofika nilichora mgomba, lakini haukuonekana kabisa.

"Gandamiza, dada! Unaogopa italia?" alisema Desideri, ninayekaa naye dawati moja. Darasa zima likacheka.

Mwalimu akauliza kwa nini nagusa hivyo. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Ili maandishi yasitokee upande wa pili, mwalimu." Kule kwenye kambi ya wakimbizi tulikoishi zamani karatasi zilikuwa haba, tukaandika pande zote mbili, na mkono wangu haujasahau.

"Humu hakuna upande wa pili, mwanangu."

Basi nikagandamiza. Shina likatoka nene, jeusi. Kisha nikaurudia mkono wangu mwepesi wa kambini, nikachora mishipa ya majani mmoja mmoja, myembamba kabisa. Wenzangu wakasogea kutazama.

"Huo sasa mgomba," Desideri akasema. Majani aliyochora yeye yalikuwa kama magogo. "Nimeshasikia njaa."

Nimechaguliwa! Ila kitabuni kuna mbuzi, na mbuzi wangu hufanana na mbwa.

Bibi ameuliza kama kalamu hiyo huisha. Nimemwambia haiishi, akapiga vigelegele.

Ukurasa huu nimeuandika kwa kugandamiza. Upande wa pili umeharibika wote, na sijali.