Nguo za Kugeuza

Nachingwea,
16 Julai 1950.

Kwa Kaka Abdalah bin Isihaka,
Nandagala, Ruangwa.

Kaka yangu kwa heshima,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na watoto, na zaidi zimfikie Mama. Natumaini barua hii inawakuta na uzima, na kwamba kifua cha Mama hakijamsumbua sana katika baridi hii. Mimi na mtoto hatujambo kwa mwili. Kama jina langu umelisahau, mimi ni Domitila, mke wa Severini, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, niliyekuwa nikishona pamoja na dada yako Mwanamvua hapa Nachingwea. Ulipokuja kumtazama nilikupikia ugali wa muhogo na kisamvu, ukacheka kwamba kisamvu chetu kina karanga nyingi kuliko majani.

Nimesikia kwa watu wa kwenu wanaoleta mtama gulioni kwamba umeapa mwizi hatalala nyumbani kwako, na kwamba hata Mama amekatazwa kumtaja Mwanamvua. Ndiyo sababu ya kuandika. Naomba uisome mpaka mwisho, kisha umsomee Mama.

Unajua hali ya nguo ilivyokuwa baada ya vita. Kanga moja mama na binti walivaa kwa zamu, na mashambani wapo waliojifunga magunia. Huku kwetu, kambi za Wazungu za kulima karanga zilipofunguliwa, nyuma ya karakana ya matrekta kulikuwa na lundo la ovaroli na kaki zilizochakaa, zinangoja kuchomwa moto. Wengi tulipita hapo tukaona takataka. Dada yako alikuwa ameachika Narung'ombe, ana cherehani yake ya mkono na hana kitambaa cha kutia chini ya sindano. Mimi nilikuwa nauza mihogo ya kuchoma karibu na baraza lake. Siku moja aliniuliza kama najua kufumua mshono bila kuchana nguo. Nikamwambia najua. Tukaanza hivyo.

Karani wa stoo alipotuona tunaokota alisema vitu vya kambi haviokotwi, vinanunuliwa. Basi tukawa tunanunua kwake, fungu kwa fungu, mlangoni pa stoo, mchana, watu wakipita. Karatasi hatukudai, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba tunahitaji karatasi.

Kazi yangu ilikuwa kufumua, kuloweka katika maji ya majivu mpaka grisi iachie, na kuanika. Yeye alitazama upande wa ndani, maana kaki iliyopauka kwa jua, ndani bado ina rangi yake. Aliigeuza, akakata. Miguu ya ovaroli ilitoa kaptula za watoto, mgongo ukatoa blauzi, turubai la hema likatoa suruali ya kulimia isiyoogopa miiba. Watu waliziita nguo za kugeuza. Tuliziuza gulioni hapa, tukazipeleka Mtua, hata Ruangwa kwa lori. Mama mmoja wa Mtua alikuja amejifunga gunia, na alipolivaa gauni lake alikaa nalo barazani kwetu mpaka jua likapungua. Alipapasa tu mkono wa gauni. Nilitaka kumsemesha, Mwanamvua akanikonyeza. "Mwache alizoee," alisema.

Kila nguo ya kambi ilikuwa na muhuri wa wino mweusi shingoni. Muhuri ule tuliukata, maana hakuna mnunuzi anayependa kutembea na alama ya bwana mwingine. Vipande tulivitupa kapuni, tukavitumia kujazia mito. Hatukujua tunajiwekea nini.

Mvua kubwa zilipokuwa bado zinanyesha, stoo ilipata bwana mgeni. Alihesabu mali, akakuta shuka na ovaroli mpya hazipo. Karani alipoulizwa alisema kuna wanawake wa gulioni wanaoingia kwa dirisha. Askari walitujia asubuhi tukiwa kazini. Wakamwaga lile kapu, mihuri ikatapakaa chini, na hata mimi nilipoitazama niliona inafanana na kitu kilichofichwa. Mwanamvua aliwaeleza habari za karani. Karani mwenyewe alikuwa amefuatana nao. Akasema sura zetu hazijui.

Hapo mkubwa wa askari akauliza nguo zile ni za nani.

Kaka Abdalah, kilichofuata hakikusemwa mbele ya hakimu, na wewe hujakisikia kwa mtu. Mimba yangu ilikuwa pevu. Na Mwanamvua alijua, kwa sababu nilikwisha kumweleza, kwamba mimi na Severini tulivuka Ruvuma kwa kuukimbia utawala wa huko. Severini alikuwa ameandikwa kazi ya lazima. Mimi nilipigwa viganja kwa ubao wenye matundu, kosa langu magugu katika shamba la pamba tulilolimishwa kwa amri. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mgeni akifungwa huku, akimaliza anarudishwa kwao. Kabla sijafungua kinywa dada yako alisema, "Ni zangu mimi. Huyu namlipa kwa kufua tu, hajui zinatoka wapi." Mimi nilitazama chini. Wakaondoka naye, nikabaki na nguo mbichi kwenye kamba. Bomani alirudia maneno yale yale. Akafungwa, akapelekwa Lindi.

Nilijifungua mtoto wa kike. Nilipopata nguvu nilimbeba nikaenda bomani, nikasema kwamba tulikuwa wawili na kwamba tulinunua. Niliamini neno la mtu wa pili litamtoa. Mkalimani alinisikiliza vizuri, akamweleza bwana, kisha akanipa jibu. Karani ameacha kazi na hajulikani alipo. Kesi ya Mwanamvua imekwisha. Lakini mimi nimekiri. Kwa ajili ya mtoto sikufungwa. Tumeamriwa kurudi ng'ambo, mimi na mume wangu, na lori litatuchukua Jumatano.

Habari zimemfikia Mwanamvua huko aliko. Mwanamke aliyetoka gerezani juzi aliniletea maneno yake. Alisema, "Mwambieni Domitila amefumua nguo niliyokwisha kuimaliza." Baada ya hapo, anasema huyo mwanamke, alilia mpaka wenzake wakamfunika blanketi. Severini hajanilaumu. Anakaa nje ananoa jembe ambalo hatalibeba.

Cherehani waliyoichukua askari siku ile, wamekwisha kuirudisha. Nimeifunga vizuri, na dereva anayekuletea barua hii ataishusha kwako. Ni mali ya dada yako, mtunzie.

Yeye atatoka wakati watu wanachoma mashamba kungojea mvua. Atapanda lori la Ruangwa, na akishuka hapo hana njia nyingine isipokuwa ya Nandagala. Sikuombi ugombane na majirani kwa ajili yake. Naomba alale ndani. Na kama lipo neno gumu ambalo ni lazima lisemwe, lisemeni juu ya jina langu, sitakuwapo kulisikia.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wa hapo walionijua. Mama mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie binti yake hakuiba hata uzi. Akitaka kunilaani asizuiwe.

Usihangaike kuniandikia, kwa maana huko tuendako sijui tutawekwa wapi. Jibu langu mpe yeye, atakapobisha hodi.

Wako katika heshima,
Domitila, mke wa Severini.