Taa ya Oili ya Pikapu Yako

Baba, shikamoo.

Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kukuandikia kwa namna nyingine. Mama hajambo. Gereji yetu hapa Tumbi bado ipo, naifungua mimi kila asubuhi, na wateja wako wameanza kuniita fundi bila kucheka. Kilichonifanya nikuandikie ni pikapu yako.

Kaka Shabani alielewana na Mzee Lomayani, yule mfugaji wa Mzenga, aichukue iwe ya kubebea maziwa. Sikupinga, maana gari lisiloendeshwa linaoza tu. Mzee hakutaka hata kuikagua. Alisema gari la fundi haliulizwi maswali. Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima raha. Akikwama porini na maziwa yake, atakayesemwa ni wewe, na huna tena mdomo wa kujitetea.

Basi nikaikagua mwenyewe. Nikafungua swichi bila kupiga stata, nikangoja taa ya oili kama ulivyotuzoesha. Unakumbuka ulivyokuwa ukitunyamazisha wote garini, hata siku ile tulipombeba bibi harusi na watu wanapiga vigelegele? "Tulieni kwanza, tuione taa." Iwake, ndipo upige stata. Izime, ndipo tuondoke. Safari hii haikuwaka kabisa. Mwingine angefurahi, mimi nilijua taa isiyowaka haiwezi kumwonya mtu oili ikikosa nguvu.

Nilipofungua boneti nikakuta waya wa taa umechomolewa, umekunjwa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mafundo mawili, ncha zimekatwa sawasawa kwa kisu. Baba, Kibaha nzima hakuna mtu anayefunga waya hivyo isipokuwa wewe.

Nilikasirika, nakwambia kweli. Wewe! Wewe uliyekuwa ukigombana na wateja waliokuwa wakiziba taa kwa karatasi ya gundi! Nikamuuliza Mama. Akanieleza kwamba mlipokuwa mkienda na kurudi hospitali, taa ilikuwa ikiwaka njiani, naye akishtuka anakushika mkono na kusema gari hili litatuua kabla ya ugonjwa. Halafu siku moja ukamwambia umeshaitengeneza, na tangu hapo akasafiri kwa amani. Sikumwambia habari ya waya. Nilizunguka nyuma ya gereji nikalia. Hukuwa na nguvu tena za kulala chini ya gari, na mimi nilikuwepo, na hukuniomba.

Nilipourudisha waya, taa ikawaka, ikazima vizuri, lakini injini ilipopata moto ikaanza kuwakawaka. Shabani akasema tuongeze oili nzito tu, Mzee achukue chake. Nikamkatalia. Oili ilikuwa imefika kwenye alama. Swichi ya oili, ile inayowasha taa, nikabadilisha, bado. Nikaitoa, nikafunga geji ya kupimia presha ya oili mahali pake, nikapiga resi. Ulinifundisha kwamba beringi zikichoka, presha huwa ndogo injini ikiunguruma taratibu, na ukikanyaga mafuta inapanda. Hii ilikuwa inashuka. Nikajua pampu inavuta haipati, kama mtu anayenyonya soda kwa mrija ulioziba.

Nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la pampu lilikuwa limejaa vipande vya silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia maungio. Vyako, Baba! Ulikuwa ukiipaka ukingoni mwa sampu kama siagi kwenye mkate wa mgeni, kwa kuchukia gari lako lidondoshe oili kwenye uwanja wa watu. Iliyojitokeza nje uliifuta. Ya ndani ikakatika kidogo kidogo, ikaenda kuziba njia. Nilicheka peke yangu huku machozi yananitoka na mikono imejaa oili, siwezi hata kujifuta. Nikalisafisha chujio, nikafunga sampu kwa silikoni kiasi, nikaweka oili mpya. Geji ikasimama panapotakiwa, hata injini ikiwa ya moto.

Juzi tuliipeleka Mzenga, mimi na Mama. Kabla ya kuondoka nilifungua swichi, taa ikawaka, naye akaitumbulia macho. Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia kwamba siku ile hukuitengeneza, uliuchomoa waya wake tu. Aliinyooshea taa kidole, akaigusa inavyowaka. Kisha akasema, "Kumbe safari zote zile alikuwa anaogopa peke yake."

Nikapiga stata. Taa ikazima. Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga akasema, "Haya, bismillahi, twende."

Mzee Lomayani naye nilimweleza yote. Alitikisa kichwa akasema, "Alimhurumia mama yenu. Lakini mimi niachie taa yangu." Nimemwachia. Sasa anawanyamazisha watu garini kama wewe.

Ule ukanda wa tyubu umo kwenye sanduku langu la spana. Pumzika, Baba, Mungu akurehemu. Ninachokuahidi ni hiki: Mama akiniuliza kama mambo ni salama, nitamjibu ukweli, na kama ni wa kutisha, tutaogopa pamoja.

Mwanao,
Zuhura