Kete Mbili za Bibi na Matokeo Manne

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
17 Juni 2025

Mpendwa Kaka Twalib,

Assalaam alaykum, na shikamoo. U hali gani huko Geita? Kifua kinaendeleaje na lile vumbi la mgodini? Unakula vizuri, au bado unalala na chai tupu? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya Mama husikilizwa na kila mtu. Uliponiuliza kwa nini Bibi anahamia Kerege, sauti ilikuwa juu na Mama mdogo Hajra alikuwa amekaa pale pale. Nikasema sijui. Ukweli ni kwamba nilikuwa na dhana moja mbaya.

Bibi alimaliza eda ya Babu mwisho wa Mei. Siku zote zile nililala chumbani kwake, nikamsomea visa vya mitume mpaka nikavikariri. Nilidhani mambo yatabaki hivyo. Kumbe nyumba ile imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na watoto wake watatu wakakaa sebuleni kuamua ataishi kwa nani: Mama, Mjomba Yunus wa Kerege, na Mama mdogo aliyetoka Miono. Kila mmoja alimtaka. Mama mdogo akamwambia Mjomba kwamba nyumba isiyo na mke haitunzi mzee. Mjomba akainama, maana mkewe hana hata miaka miwili kaburini. Sauti zikaanza kupanda.

Bibi akawanyamazisha. Akatoa kete mbili kwenye kopo lake la hina, zile za baharini zenye mgongo laini na mdomo wenye meno, alizochezea utotoni. Akasema zikilala zote midomo juu, atakwenda kwa Mama. Zikilala zote migongo juu, Miono. Moja hivi na moja vile, Kerege. Mama mdogo akacheka.

"Njia tatu kwa watoto watatu," akasema. "Hapo hata Shamsia na madaftari yake hana la kusema."

Hata mimi niliona ni haki. Bibi akazirusha mara moja mkekani: moja mdomo, moja mgongo. Mjomba akavua kofia, akajifunika nayo uso. Mimi nikaona anaficha kicheko.

Nisamehe Kaka, lakini nilikuwa na sababu. Asubuhi ile nilipopeleka birika uani nilimkuta Mjomba akimnong'oneza Bibi, na waliponiona wakanyamaza. Tena Mjomba ni seremala, hapigi msumari kabla ya kupima mara tatu. Nikajiuliza ni nani aliyemfundisha Bibi kugawa njia zile.

Nikafungua kile kitabu chako cha kidato cha nne, kwenye mada ya uwezekano. Wanasema kabla ya kusema lolote, orodhesha matokeo yote yanayoweza kutokea. Nikazichukua kete kwa siri, moja nikaitia nukta ya wino mwekundu nisiichanganye na mwenzake. Yenye nukta mdomo, na isiyo na nukta mdomo. Zote mgongo. Yenye nukta mdomo na mwenzake mgongo. Yenye nukta mgongo na mwenzake mdomo. Hizo ni nne, Kaka, si tatu! Sote pale sebuleni tulihesabu mbili za mwisho kama moja, na zote mbili zinakwenda Kerege. Mjomba alikuwa na nusu nzima, na dada zake robo robo.

Ili nisimsingizie mtu, nikazirusha mara mia, mlango nimeufunga. Moja hivi na moja vile zilitoka mara arobaini na nane. Migongo thelathini na tatu. Midomo kumi na tisa tu. Kitabu kinatoa mfano wa sarafu, lakini kete si sarafu, mdomo wake ni bapa na mgongo ni wa mviringo. Zile kumi na tisa ndizo zilizokuwa zetu.

Wiki nzima Mjomba akija namwambia shikamoo huku nikitazama mlango. Nilipanga kusema mbele ya wote. Unanijua, sikusema.

Alhamisi Bibi akafungua kopo lake.

"Nani kazitia wino kete zangu?"

Nikaeleza yote, nikamsomea daftari zima, pamoja na dhana yangu juu ya Mjomba. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema utotoni kwao hakuna msichana aliyekubali kupewa midomo, wote waligombania moja-hivi-moja-vile, na wala hawakuwa na kitabu. Njia zile alizigawa mwenyewe. Mjomba hajui mpaka leo. Asubuhi ile uani alikuwa akimwomba mama yake amtoe kwenye hesabu, kwa kuwa nyumba yake haina mke.

"Ana watoto watatu wanaopika wenyewe," Bibi akasema. "Ningemchagua kwa mdomo wangu, wenzake wangeninunia mpaka kufa. Nikampa nusu. Nusu iliyobaki nikamwachia Mungu."

Halafu nikauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini sisi alitupa sehemu ndogo kuliko zote.

"Kwa sababu mama yako Zuwena ana wewe," akasema.

Akanikataza kumwambia Mama, na pia Mama mdogo. Wewe hakukutaja, ndiyo maana nakuandikia. Tafadhali ichane barua hii ukishaisoma.

Mjomba alikuja kumchukua Jumapili. Nilimbebea Bibi sanduku mpaka garini, nikasimama mbele ya Mjomba, nikamtazama usoni na kumwamkia. Akanipokea sanduku.

"Marahaba, Shamsia," akasema. "Leo umeniamkia."

Sikujua pa kuweka uso wangu. Nimeomba ruhusa ya kwenda Kerege kila Jumamosi. Nitamsomea Bibi, na wale wadogo nitawafundisha hesabu.

Barua hii nampa Mwinyijuma wa lori, aikabidhi kwa mwenzake Chalinze. Mama anakusalimu sana, pia Mama mdogo Hajra, na Bibi anasema uoe. Nisalimie Kitwana mnayekaa naye chumba kimoja. Mwenyezi Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyemdhania mtu vibaya,

Shamsia