Kirusi na picha ya kaburi la baba

Jumatano, Matongo

Nilisema nitakifukuza mwenyewe na nimekifukuza. Nimewasha ile dawa ya virusi iliyokuja humohumo ndani ya kompyuta, ikasoma saa nzima, ikaandika kirusi kimoja kimeondolewa. Nani mwingine wa umri wangu hapa kijijini anaweza?

Lakini picha zangu za zamani bado hazionekani.

Mke wa mwanangu, Bhoke, alikuwa mlangoni. Kwetu mkwe hasogelei baba mkwe, kwa hiyo ananielekeza kutoka huko huko. "Baba, dawa hiyo inaua kirusi tu. Hairudishi kilichofichwa. Na ile flashi uliyopeleka kuwekewa nyimbo, umeisafisha?"

"Nyimbo nazo zinaumwa?" nikamuuliza, nikaichomeka.

Kirusi kikarudi palepale.

Kesho watu wa kuthamini ardhi inayochukuliwa na mgodi wanafika. Kaburi la baba yangu mvua imelibomoa, limebaki mawe, na hapa mawe ya wachimbaji yamejaa kila mahali. Bila picha ya zamani watasema ni rundo kama marundo mengine, na greda litapita juu yake.

"Baba, pengine hazijafutwa. Kama ningekaa hapo mimi..." Hakumaliza. Hawezi kuniambia nitoke kitini.

Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniondoa kwenye kiti. Leo nimeondoka mwenyewe, nimempisha. Nipo zizini, naandikia gotini, namsikia anabonyeza.

Bado hajaniita.